Pazia la Chumba cha Vikopo

Mkwe wangu ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini pale maabara anapofanya kazi hakuna anayelitumia. Wanamwita Rudisha. Wagonjwa wanamwita hivyo, manesi wanamwita hivyo, na hata mlinzi wa getini ukimuuliza dirisha la sampuli liko wapi atakwambia, "Nyoosha moja kwa moja mpaka kwa Rudisha, na Mungu akusaidie." Kazi yake ni kupokea vikopo vya choo. Ndiyo, choo hichohicho unachokifikiria. Niliposikia mara ya kwanza kwamba kijana anayetaka kumwoa binti yangu anakaa dirishani siku nzima kupokea vinyesi vya watu, nilimwambia binti yangu atafute mwenye kazi inayotajika mezani. Akanijibu kwamba mimi ni fundi cherehani, nimewapima watu viuno na makalio miaka thelathini bila kuona haya, kwa hiyo ninyamaze. Nikanyamaza, lakini kwa shingo upande.

Nasema haya mapema ili ujue kwamba sikumpenda tangu mwanzo, usije ukadhani namsifia kwa sababu ni wa kwetu. Nampenda sasa. Niko hai kwa sababu yake, na mimi si mtu wa kukaa na shukrani moyoni kama mtu aliyeficha kitumbua.

Alipokuja kujitambulisha alikaa ukingoni mwa kiti, mgongo wima, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ilikuwa inakata. Nilipenda ile pasi, nakiri. Ana sauti ya chini, na akiwa mbele ya watu wazima hutazama sakafu utafikiri kuna kitu chake kimeanguka pale. Baba yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo sana, na alipoingia kwetu alimshika mume wangu kama baba aliyemkuta njiani baada ya kumtafuta muda mrefu. Mume wangu alikuwa fundi saa. Kila Jumapili baada ya chakula wawili hao walikaa chumba cha nyuma, vichwa vimegusana juu ya saa iliyofunguliwa, wakinong'ona kana kwamba saa imelala. Hawakuzungumza habari za kazi ya mkwe hata siku moja. Mume wangu alimtengenezea saa ya mkononi kutoka kwenye vipuri vya saa nne zilizokufa, na mpaka leo haijawahi kutoka mkononi mwake isipokuwa akioga.

Basi, maabara yao ilianza kipimo kipya cha saratani ya utumbo mpana kwa watu waliovuka miaka hamsini, hata kama hawana dalili yoyote. Huchomwi sindano. Unaleta choo kidogo kwenye kikopo chenye dawa ya kuhifadhi, wao wanatafuta humo alama fulani kwenye vinasaba. Mkwe wangu alituletea vikopo viwili nyumbani, kimoja changu na kimoja cha mzee. Laiti ungemwona siku hiyo! Alisimama katikati ya sebule, jasho linamtoka, akamwambia baba mkwe wake, "Baba, ile… ile kitu… ukishapata, unaiweka humu." Mume wangu akauliza, "Kitu gani, mwanangu?" Kijana akameza mate. "Kimeandikwa kwenye karatasi, baba." Akaweka karatasi ya maelezo mezani, akaikandamiza kwa kisahani isipeperuke, akaaga. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Changu nilikitupa kabatini, kwa sababu nilikuwa na magauni sita ya harusi ya kumaliza na sikuwa na muda wa mambo hayo.

Mume wangu alifanya cha kwake siku ya Ijumaa. Ninajua ilikuwa Ijumaa kwa sababu siku iliandikwa kwenye kibandiko. Jumapili niliingia chumba cha nyuma kutafuta koleo ndogo, nikakiona kikopo nyuma ya kopo la vipuri, karibu na dirisha linalopigwa na jua la mchana. Kumbe mzee alikuwa anaona haya kutembea nacho barabarani. Kifuniko hakikukaza vizuri, na dawa ilikuwa imevujia kwenye kitambaa alichokifungia. Nikacheka tena, nikachukua koleo yangu, nikatoka. Jumatatu akakipeleka. Wiki mbili baadaye majibu yakaja: alama hazikuonekana. Mume wangu aliibandika ile karatasi ukutani juu ya meza yake ya saa, akawa anawaonyesha wateja.

Baada ya hapo ulipita mwaka na zaidi. Alipoanza kuona damu chooni alisema ni bawasiri. Nilipomwambia aende hospitali, alinyoosha kidole ukutani. "Nilipimwa, mke wangu. Niko safi." Na mimi nikaridhika, maana karatasi ilikuwa na muhuri. Alipokuja kukubali kwenda, ugonjwa ulishafika kwenye ini. Hakumaliza miezi mitano. Nilimzika akiwa amekonda hivi kwamba suti niliyomshonea mwenyewe ilibidi niipunguze pande zote mbili, na ile kazi niliifanya peke yangu, mlango umefungwa.

Miezi mitatu baada ya maziko, mkwe wangu alikuja karakana yangu na vipimo kwenye kipande cha karatasi. Alitaka pazia. Urefu futi saba, upana wa kutosha kuzungusha kona nzima. "Liwe zito, mama," alisema. "Mtu akiwa ndani asionekane, na akiongea asisikike sana." Nikamuuliza la nini. Akasema ni la kazini, ameomba kona ndogo nyuma ya dirisha lake, ili watu waweze kuulizwa maswali bila kuaibika mbele ya foleni. Nilimshonea kwa kitambaa cha kijani kizito, nikatia bitana, nikapinda upindo mara mbili. Nilidhani ni mambo ya ofisi. Sikuuliza tena.

Ni wakati huohuo alipoanza kuitwa Rudisha. Habari zilinifikia kupitia wateja wangu, na walinipa vidonge vyangu kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Mama mmoja alirudishwa kwa sababu kikopo chake kilikaa kwenye gari lenye joto tangu asubuhi. Mwingine kwa sababu aliharisha na sampuli ilikuwa maji matupu. Mzee mmoja mwenye heshima zake alirudishwa mara tatu, ya tatu akasema afadhali afe. Mkwe wangu akamtoa hadi getini akimbembeleza, na ya nne ikakubaliwa. Anatazama mstari kwenye kikopo, anatazama kama dawa imefunika, anauliza choo kilipatikana saa ngapi, kisha anaitazama ile saa ya mkononi, anahesabu. Kikiwa sawa anapiga muhuri: INAFAA. Kisipokuwa sawa unakwenda nacho nyumbani.

Miaka minne ikapita. Binti yangu akaniandama na kikopo kila nilipomtembelea, mpaka nikachoka. Nikasema liwalo na liwe. Lakini nilikifanya kama ninavyofanya kila kitu kisichokuwa cherehani, yaani harakaharaka. Nilichota kidogo tu, sikutazama mstari. Wateja wakaingia, nikakiweka juu ya rafu karibu na pasi. Nikakisahau. Kesho yake alasiri nikakiona, nikakitia kwenye mkoba, nikaenda nacho maabara nikitembea kwa maringo. Nilikuwa mama mkwe wa mwenye dirisha, nani angenigusa?

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Haya, huu mzigo wako."

Akakipokea kwa mikono miwili. Akakiinua kwenye mwanga. Nikaona uso wake unabadilika. "Mama, naomba upite huku ndani kidogo."

Nikaingia nyuma ya pazia langu mwenyewe, la kijani, lenye upindo wangu. Kulikuwa na viti viwili na meza ndogo. Aliuliza, huku akitazama sakafu, choo kilipatikana saa ngapi. Nikasema leo asubuhi. Uongo mtupu. Aligusa chini ya kikopo kwa kidole. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliinua macho akanitazama usoni.

"Mama, hiki sikipokei. Hakijafika mstarini, na si cha leo. Naomba urudie."

Damu ikanichemka. Nilisahau kwamba pazia, hata liwe zito vipi, si ukuta. "Unanirudisha mimi? Mama yake mkeo? Wewe kijana umevaa kiburi siku hizi!" Nje nikasikia mtu kwenye foleni akisema, "Jamani, leo karudisha hadi mama mkwe," na wengine wakacheka. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kabisa. Nikasema, "Mbona baba yako hukumrudisha? Chake kilikaa siku tatu nyumbani, kimemwagika, na ulikipokea! Mimi ndiye wa kudhalilishwa?"

Aliishika saa yake ya mkononi akawa anaizungusha.

"Ndiyo, mama," alisema. "Sikumrudisha."

Kisha akanieleza, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Siku ile ya Jumatatu mzee alisimama dirishani amevaa koti lake la kutokea, kikopo amekifunga kwenye kitambaa cheupe. Kijana alipokifungua aliona kila kitu: choo kiasi cha punje ya maharagwe, dawa nusu, joto la siku tatu. Nyuma ya mzee kulikuwa na foleni ndefu. "Nilipaswa kuandika haifai. Nikaandika inafaa. Sikuweza kumwambia baba mkwe wangu, mbele za watu, kwamba kinyesi chake hakitoshi. Nikamwambia shikamoo baba, nikapiga muhuri."

Nikamuuliza, nikiwa bado mkali, kuna tofauti gani, choo si choo? Akaangaza macho mezani, akaona kipande cha chaki yangu ya kukatia kilichokuwa kimenaswa kwenye mkoba wangu, akakichukua. Akasema, "Mama, unapopiga chaki kwenye kitambaa, kitambaa hakibadiliki. Ile alama tu inamwambia mshonaji, hapa usipite. Mwilini ni hivyohivyo. Uvimbe ukianza, vinasaba vingine hubandikwa alama ndogo za kemikali, vinazimwa, havifanyi kazi yake. Alama za methili. Utando wa utumbo hupukutika kila siku, chembe zake hutoka na choo, na sisi tunazitafuta alama humo."

"Basi mzitafute."

"Sehemu kubwa ya vinasaba vilivyomo kwenye choo ni vya bakteria, mama. Vya mtu mwenyewe ni vichache. Vikikaa kwenye joto bila dawa ya kutosha vinakatikakatika. Halafu ili tusome zile alama, lazima tuvipitishe kwenye kemikali kali, nayo huharibu vingi zaidi. Ukianza na kidogo kilichochanika, mwishoni hakuna cha kusoma. Mashine hujipima kwanza kama kuna vinasaba vya binadamu vya kutosha. Vya baba vilipita kwa kunusurika tu. Mashine haikusema hana ugonjwa. Ilisema haikuona alama. Mimi ndiye niliyeipa kitu kisichosomeka."

Kisha akaongeza, "Siapi kwamba tungeuona. Kipimo hiki hukosea hata kikifanywa sawasawa. Lakini mimi nilimnyima nafasi."

Nikachukua kikopo changu, nikafungua pazia, nikatoka. Sikuaga. Ile foleni iliyokuwa inacheka ikanyamaza nilipopita, nadhani walikuwa wamesikia.

Siku nne sikuongea na mtu. Binti yangu alipiga simu, sikupokea. Nilikaa kwenye cherehani nikashona mkono wa gauni ndani nje, nikaufumua, nikaushona tena ndani nje. Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia kwa moyo wote, na nilipanga maneno ya kumwambia, mengine siwezi kuyaandika hapa. Lakini kila nilipoyafikisha mdomoni nilijiona niko mlangoni mwa chumba cha nyuma siku ya Jumapili, koleo mkononi, ninakitazama kikopo kilichovuja kwenye jua, na ninacheka. Yeye alikiona kwa dakika moja, nyuma ya dirisha, akiwa na watu thelathini wanamsubiri. Mimi nilikiona nyumbani kwangu, sina haraka, na karatasi ya maelezo iko mezani chini ya kisahani. Sikuisoma. Na siku ya tano nilielewa kwamba yule kijana angeweza kunifichia maisha yangu yote. Angeweza kukipokea kikopo changu kwa mikono miwili, akakimwaga nyuma ya jengo, akaniambia kimepotea, tafadhali leta kingine. Nisingejua. Badala yake alinirudisha, nilipomuuliza akaniambia ukweli, akijua kwamba atapoteza mama wa pili kama alivyopoteza baba.

Asubuhi ya siku ya sita nilifanya kama karatasi inavyosema, neno kwa neno, miwani puani. Nilifika mstarini. Nilitikisa mpaka dawa ikafunika. Niliandika saa na dakika kwenye kibandiko. Nikakitia kwenye mfuko wa chakula pamoja na chupa ya barafu, nikamwacha bibi harusi mmoja na nusu gauni, nikaenda.

Alikuwa dirishani. Aliponiona alisimama. Nikamsukumia kikopo bila kusema kitu. Akakiinua kwenye mwanga, akasoma kibandiko, akatazama saa ya mume wangu mkononi mwake.

"Imepita saa moja na dakika hamsini tu," alisema. Akachukua muhuri, akagonga. "Inafaa, mama."

Nikamwambia, "Mimi pia nilikiona kile kikopo cha baba yako. Jumapili. Nikacheka." Akainama, na kwa mara ya kwanza akalia mbele yangu, na mimi nikalia mbele ya foleni nzima, bila pazia wala nini.

Alama zilionekana. Daktari aliponiambia, nikadhani safari imekwisha. Mkwe wangu ndiye aliyenituliza. Alinieleza kwamba alama nyingine huja na umri tu, maana mwili uliokula chumvi nyingi huwa na madoa yake hata bila uvimbe, kwa hiyo ile karatasi si hukumu. Kamera ya kupitishwa utumboni ndiyo itakayosema. Kamera ikasema: kulikuwa na kauvimbe, kadogo kama kifungo cha shati, na kalikuwa bado hakajatoka nje ya ukuta wa utumbo. Wakakata kipande, wakaunganisha. Nilipozinduka nilimuuliza daktari wa upasuaji alitumia mshono gani, akacheka, akasema niache kazi yake. Sikuhitaji dawa za saratani za mishipani. Leo ni mwaka wa tatu, kila wanapopitisha kamera hawakuti kitu, na nimerudi kula kama mtu aliyeajiriwa kula.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru binti yangu kwa kuniandama. Lakini mkwe wangu namshukuru kwa namna nyingine, kwa kuwa yeye kunisaidia kulimgharimu. Kumbe mke wake alijua siku zote. Mumewe alimwambia mwenyewe wiki ya maziko, naye binti yangu akamjibu, "Mama utamweleza wewe, siku utakayoweza." Wale wawili walibeba jambo hilo miaka minne, wakiwa wanakula mezani kwangu kila Jumapili.

Mwezi uliopita aliniambia pazia limechakaa, watu wamelishika mno. Nikashona jipya, la kijani kilekile. Nilienda kulitundika mwenyewe, kwa sababu siwaamini watu na pete za pazia. Nilipofika kulikuwa na mtu ndani, basi nikakaa nje kwenye kiti cha foleni, nikaanza kumalizia upindo uliokuwa umebaki. Ndani nilisikia sauti ya mzee, mzito wa maneno, anayeona haya. Halafu sauti ya mkwe wangu, ya chini, isiyo na haraka.

"Baba, unisamehe. Hiki siwezi kukipokea, hakitoshi. Naomba urudie kesho, na nitakuwepo mimi mwenyewe."

Sindano yangu ikasimama. Nilikuwa nasikia maneno yaleyale, kwa sauti ileile, ambayo mume wangu alistahili kuyasikia siku ya Jumatatu.

"Sawa, mwanangu," mzee akasema. "Kesho asubuhi."

Akatoka, kikopo kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, akanipita akiwa ameinamisha kichwa. Nikamsalimia, "Shikamoo," ingawa tulikuwa rika moja. Akashangaa, akaitikia. Kisha nikakata uzi kwa meno na kuingia kutundika pazia.